Jina la Delbert Katika Vitabu vya Mahakama

Rhonda Skaggs alifika nyumbani saa kumi jioni, mikono ikinuka sabuni. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee. Alibandika maharage, akachanganya unga wa mkate wa mahindi, akausukumia kwenye oveni. Kisha akafanya kile alichokifanya kila siku wiki ile. Alikwenda kuchungulia chumba cha nyuma.

Chumba kilikuwa tayari. Kulikuwa na vitanda viwili vidogo, na juu ya kila kitanda blanketi jipya. Kuta zilikuwa za njano. Mumewe, Delbert, alizipaka rangi mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza zilitoka kama haradali.

Chumba kilikuwa cha Kaylee na Brynn. Kaylee alikuwa na miaka tisa, Brynn miaka mitano. Walikuwa watoto wa Tina, mdogo wake Rhonda. Tina alikuwa ametekwa na vidonge vya kutuliza maumivu, hawezi kuviacha, na sasa alikuwa akitibiwa mbali. Kaunti iliwachukua watoto ikawapeleka kwa familia za kulea. Hazikupatikana nafasi mbili katika nyumba moja, kwa hiyo kila mtoto alikuwa nyumba tofauti. Rhonda na Delbert waliomba wapewe watoto hao. Nyumba yao ilikaguliwa. Alama zao za vidole zilichukuliwa. Kilichobaki ni neno la hakimu.

Delbert aliingia kwa mlango wa jikoni. Alikuwa mtu mrefu, mwenye miaka arobaini na mmoja, na nywele zake zilijaa unga wa mbao. Alifanya kazi kwa rafiki yake aliyekuwa na mashine ya kupasua magogo. Kila jioni akiingia aliuliza, "Kinanukia nini?" Leo hakuuliza. Aliweka bahasha mezani.

"Ya kaunti?" Rhonda alisema. "Wamekubali?"

"Soma."

Barua ilitoka kwa Bi Marisa Pruitt, ofisa wa ustawi wa watoto. Rhonda aliisoma akiwa amesimama. Kisha akavuta kiti, akaisoma tena.

Barua ilisema kwamba alama za vidole za Delbert zimekutwa kwenye kumbukumbu za jimbo. Mwezi wa sita mwaka 1997, alikamatwa katika Kaunti ya Morland. Shtaka lilikuwa kumpiga mtu na kumjeruhi. Kumbukumbu hazikuonyesha kesi iliishaje. Mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa kama hilo huenda asiruhusiwe kulea watoto. Kwa hiyo familia ilete karatasi rasmi ya mahakama inayoonyesha mwisho wa kesi, kabla ya tarehe 14 Novemba, siku ya kusikilizwa kwa ombi lao.

Leo ilikuwa Alhamisi, tarehe 3 Novemba.

"Wamekosea," Rhonda alisema. "Wamekuchanganya na mtu mwingine."

Delbert alivua kofia. "Hawajakosea. Ni mimi."

Maharage yalianza kufurika na kumwagikia jiko. Hakuna aliyekwenda kupunguza moto.

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili," Delbert alisema. "Mimi na marehemu kaka yangu Wendell tulikwenda kwenye dansi kule Morland. Wendell akagombana na mtu nje. Unakumbuka alivyokuwa akishalewa. Polisi wakaja, wakatubeba wote wawili. Nikalala jela usiku mmoja."

"Ulimpiga huyo mtu?"

"Sikumpiga."

"Mahakama ikasemaje?"

"Sijui."

"Hujui? Kesi ya nani hiyo, yangu?"

"Nilikwenda mahakamani mara mbili. Mara ya kwanza wakili niliyepewa na mahakama alinipa karatasi, akasema tia sahihi hapa. Nikatia. Mara ya pili alitoka ndani akaniambia, nenda nyumbani, imekwisha. Nikaenda."

"Na hiyo karatasi ilisema nini?"

Delbert aliangalia viganja vyake. "Wewe unajua nilivyokuwa siku zile. Sikuweza kusoma hata maandishi ya kwenye kopo. Niliona aibu kuuliza."

Rhonda alijua. Yeye ndiye aliyemfundisha kusoma, baada ya kuoana, kwa magazeti ya matangazo. Mpaka leo Delbert alisoma polepole, kidole kikiwa chini ya mstari.

"Kwa hiyo huenda ulikubali kosa na hujui."

"Huenda. Unaniulizaga kwa nini siombi kazi ya maana. Fomu zote zina swali lile: umewahi kutiwa hatiani? Ningeandika nini, Rhonda? Ndiyo? Hapana? Naogopa yote mawili."

Rhonda alisimama. Uso ulikuwa mwekundu. "Miaka kumi na minne ya ndoa, Delbert Skaggs! Umenisimulia mpaka meno ya bibi yako yalivyotumbukia kwenye supu. Hili ukalificha?"

"Nilidhani limekufa."

"Halijafa. Limekuja mpaka mezani kwangu na stempu juu."

Alizima jiko. Alifuta maharage yaliyomwagika, akiwa amempa mume wake mgongo. Alipogeuka, sauti yake ilikuwa imetulia.

"Tutaitafuta hiyo karatasi."

"Na ikisema nina hatia?"

"Basi tutajua. Sasa hivi wewe hujui, mimi sijui, hakimu hajui. Na watoto wamelala nyumba mbili tofauti."

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Rhonda alikaa kati ya vikapu vya mashuka na simu yake. Aliandika jina la mumewe. Mtandao mmoja ulijitokeza haraka. Uliahidi kumbukumbu zote za uhalifu za mtu yeyote, papo hapo. Ulitaka namba ya kadi ya benki kwanza. Rhonda akaiweka.

Majibu yalikuja. Delbert Skaggs: wizi wa gari. Delbert Skaggs: kuvunja nyumba usiku. Delbert Skaggs: kujeruhi kwa kisu, kifungo cha miaka minne.

Rhonda alikaa juu ya mashuka safi, jambo alilowakataza wenzake kila siku.

Jioni hakuenda moja kwa moja nyumbani. Alivuka barabara kwa jirani yake, Bi Opal Hensley. Bi Opal alikuwa na miaka sabini na tatu. Alikuwa amefanya kazi dirishani, katika ofisi ya karani wa mahakama ya kaunti yao, Kaunti ya Calder, kwa miaka thelathini na mmoja.

"Ingia, lakini usinitake nisimame," Bi Opal alisema. "Magoti yangu yamestaafu. Kichwa bado kiko kazini."

Rhonda alimwonyesha barua. Kisha akamwonyesha simu. Bi Opal alivaa miwani.

"Mumeo alizaliwa mwaka gani?"

"Sabini na tano."

"Huyu mwizi wa gari amezaliwa hamsini na tatu. Mumeo ana miaka sitini na mitatu? Basi magogo yanampenda, amebaki kijana." Alisogeza kidole kwenye kioo. "Huyu wa kuvunja nyumba yuko jimbo jingine kabisa. Na huyu wa kisu hana hata tarehe ya kuzaliwa. Mama, hawa ni watu watatu. Wamewatia kwenye gunia moja wakakuuzia."

"Nimeshawalipa!"

"Ndiyo biashara yao. Wanaokota majina huku na kule. Hawaulizi jina ni la nani. Usimpelekee hakimu takataka hii, na wewe mwenyewe usiiamini."

Rhonda alivuta pumzi ndefu. "Basi nitafute wapi?"

Bi Opal alichukua bahasha tupu, akaigeuza, akaanza kuandika kwa herufi kubwa.

"Kwanza lielewe hili. Kukamatwa ni jambo moja. Kutiwa hatiani ni jambo lingine. Polisi akikukamata, anaandika. Maandishi hayo yako kwa sherifu na polisi wake wa kaunti, au kwa polisi wa mji waliokukamata. Hayasemi kama ulifanya kosa. Yanasema tu ulikamatwa. Kesi ikifika mahakamani, karani anaandika yote, shtaka, tarehe, nani alisema nini, na mwisho wake. Hayo yako kwa karani wa mahakama. Sasa, kesi ikiisha, mwisho huo unapaswa kutumwa kwenye ofisi ya kumbukumbu ya jimbo. Safari nyingine haufiki. Jimbo linabaki na kukamatwa tu. Miaka inapita, na mtu haulizi."

"Ndivyo ilivyomkuta Del?"

"Ndivyo ninavyofikiri. Sijaona faili, siwezi kuapa. Pili: watu wanatafuta pale wanapoishi. Wanakosea. Kumbukumbu hukaa pale jambo lilipotokea. Usihangaike hapa Calder. Nenda Morland."

"Jela ya Morland ina orodha mtandaoni. Nimeiona."

"Hiyo ni ya walio ndani leo, na waliotoka juzijuzi. Ya mwaka tisini na saba huioni pale. Nenda kwa miguu yako. Chukua jina lake lote na tarehe ya kuzaliwa. Anza kwa sherifu, omba karatasi ya kukamatwa. Itakuambia tarehe, shtaka, na alipelekwa mahakama gani. Kisha nenda kwa karani. Kuna mahakama mbili pale, ya manispaa na ile kubwa ya kaunti. Kesi inaweza kuanza chini ikaishia juu. Ulizia zote mbili."

"Wataniruhusu? Mimi si wakili."

"Kesi za watu wazima ni kumbukumbu za umma. Huhitaji wakili. Hata sababu huhitaji kutoa. Zinazofichwa ni kesi za watoto, na zile ambazo hakimu ameamuru zifungwe. Unaomba kwa adabu, unalipia nakala, unaondoka." Alimkabidhi Rhonda bahasha, lakini hakuiachia. "Na hili ndilo kubwa. Wakikuambia 'hakuna', usitoke. Uliza, hakuna wapi? Kwenye kompyuta, au kwenye vitabu? Mimi nilikuwa karani. Nikiwa na njaa, nilikuwa na haraka ya kusema hakuna."

Rhonda alicheka kwa mara ya kwanza katika siku mbili.

"Na fanya upesi," Bi Opal aliongeza. "Ijumaa ijayo ni sikukuu ya askari wa zamani. Ofisi zote zimefungwa."

Jumatatu asubuhi Rhonda aliomba ruhusa kazini. Delbert alikaa ndani ya pikapu yake, mikono kwenye usukani, injini imezimwa.

"Nenda wewe," alisema. "Wanaweza kukupa nakala hata bila mimi. Mimi lile jengo sitaki kuliona tena."

"Mimi sikuwepo mwaka tisini na saba. Wewe ulikuwepo. Washa gari."

Delbert akawasha.

Ofisi ya sherifu wa Morland ilikuwa na dirisha lenye kioo kinene. Mwanamume mwenye masharubu aliwapa fomu. Delbert alijaza jina lake na tarehe ya kuzaliwa. Herufi zilipanda na kushuka. Mwenye masharubu alikwenda nyuma, akarudi na ukurasa mmoja.

Tarehe 14 Juni 1997. Skaggs, Delbert. Kumpiga mtu na kumjeruhi. Alipelekwa Mahakama ya Manispaa ya Morland.

"Hapa ndipo tunapoishia sisi," mwenye masharubu alisema. "Yaliyofuata yako mahakamani. Jengo la matofali, mkono wa kushoto."

Katika mahakama ya manispaa kulikuwa na kompyuta ya umma pembeni ya kaunta. Rhonda aliandika jina. Hakukuwa na kitu. Aliandika tena.

"Hakuna," alisema karani kijana, aliyekuwa akila matufaha kutoka kwenye kisanduku kidogo.

"Hakuna wapi?" Rhonda aliuliza.

Karani aliacha kutafuna. "Samahani?"

"Hakuna kwenye kompyuta, au hakuna kwenye vitabu?"

"Kompyuta inaanzia mwaka 2001. Vitabu viko chini, stoo. Mtu akiomba tunamtafutia. Jazeni fomu, mrudi Jumatatu ijayo."

"Jumatatu tuko mbele ya hakimu kule kwetu. Ijumaa mmefunga." Rhonda aliongea taratibu, bila kupaza sauti. "Najua mna kazi nyingi, dada. Mimi pia ninafanya kazi. Tutasubiri hapa kwenye benchi. Nimeleta mikate yenye nyama, haitaharibika."

Alikaa. Delbert alikaa kando yake, magoti yakigusa kaunta. Saa nzima ilipita. Watu waliingia na kulipa faini zao za mwendo kasi. Kila karani alipoinua macho, Rhonda alikuwa pale pale, akimtabasamia.

Hatimaye karani alicheka akatikisa kichwa. "Mwaka tisini na saba, sivyo?" Alichukua ufunguo akashuka ngazi. Alirudi akiwa amekumbatia kitabu kikubwa kama mlango wa kabati. Kilikuwa kitabu cha majina ya washtakiwa.

Rhonda alikwenda moja kwa moja kwenye herufi S. Alisoma majina yote yanayoanza na Sk. Hakumwona. Alisoma tena. Mabega yake yalishuka.

"Hayupo, Del. Kwenye vitabu pia hayupo."

Delbert alikuwa amesimama mbali, kama mtu anayeogopa kuumwa. Sasa alisogea.

"Ngoja," alisema. "Kwa sherifu walinakili jina kutoka kwenye leseni yangu ya gari. Hapa mahakamani waliniuliza kwa mdomo. Yule mama akasema, jina lako linaandikwaje? Nilikuwa sijui kulitaja herufi kwa herufi. Nikamwambia, andika unavyosikia."

Akaweka kidole chake kinene kwenye ukurasa. Akarudi nyuma, kwenye majina yanayoanza na Sc. Alisoma moja moja, midomo ikicheza. Scaff. Scaggins. Kidole kikasimama.

Scaggs, Delburt. 14 Juni 1997.

"Nipo," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Rhonda, nipo hapa."

Pembeni ya jina kulikuwa na namba ya kesi. Baada ya namba, maneno haya: Imepelekwa Mahakama Kubwa ya Kaunti.

Delbert alirudi nyuma hatua moja. "Kubwa. Nilijua. Nimekwisha."

Rhonda aliandika namba ya kesi kwenye bahasha ya Bi Opal, akashukuru, akamshika mume wake mkono wa koti. "Mahakama Kubwa ni ghorofa ya pili. Ni ngazi tu, Del. Panda."

Juu kulikuwa na karani mzee, mwenye sweta la kijivu. Alisoma namba. "Faili za mwaka huo zilipigwa picha kwenye mikanda ya filamu," alisema. "Nipeni nusu saa."

Nusu saa ilikuwa ndefu. Delbert alihesabu vigae vya dari. Alivihesabu mara tatu, na kila mara alipata idadi tofauti.

Karani alirudi na karatasi kumi na moja. "Siwezi kuwapa ushauri wa sheria," alisema. "Si kazi yangu. Lakini naweza kuwaambia ukurasa upi ni upi."

Rhonda alinyoosha mkono. Delbert alimwahi.

"Hapana," alisema. "Hii nasoma mwenyewe."

Alianza na karatasi yenye sahihi yake. Aliitambua mara moja, ile D iliyopinda. Alisoma taratibu, kidole chini ya mstari. "Mshtakiwa... anakubali... kesi yake... isubiri siku sitini... zaidi."

Aliinua macho. "Ni hiki tu? Nilikubali kusubiri?"

"Endelea," Rhonda alinong'ona.

Ukurasa uliofuata ulikuwa maelezo ya mtu aliyepigwa siku ile, nje ya dansi. Polisi aliyaandika hospitalini, mtu mwenyewe akiwa amevunjika taya. Delbert alisoma, akasimama, akarudia. "Yule mrefu... hakunigusa. Alikuwa... anamvuta mwenzake... asiendelee kunipiga."

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa mwezi wa tisa, 1997. Mwendesha mashtaka aliomba shtaka dhidi ya Delburt Scaggs lifutwe. Mahakama ilikubali. Shtaka limefutwa.

Delbert alilisoma neno la mwisho mara tatu. Kisha akakaa.

"Taya lake lilivunjika," alisema. "Yule mtu. Taya limevunjika, yuko kitandani, na alinisemea. Na mimi miaka yote hii..."

Rhonda alikuwa na maneno mengi. Alikuwa nayo tangu Alhamisi, ameyapanga vizuri. Hakuyatoa. Alimwekea mkono begani, akaukaza.

Ni Delbert mwenyewe aliyesimama na kwenda kaunta. "Tunataka nakala za ukurasa wa mwisho," alisema. "Tatu."

"Za kawaida au zenye muhuri?"

"Ipi wanaipokea ofisini?"

"Ofisi yoyote ya serikali itataka yenye muhuri na sahihi ya karani. Ya kawaida ni karatasi tu."

"Zenye muhuri basi. Moja ya ofisa wa watoto, moja ya kumbukumbu za jimbo, moja yangu. Na jina, lile la vitabuni limekosewa."

"Nitaandika kwenye cheti kwamba ni mtu mmoja, kwa tarehe ya kuzaliwa," karani alisema. "Na mwisho wa kesi nitautuma jimboni upya leo hii. Sijui kwa nini haukufika." Alibana karatasi ya kwanza kwenye chuma cha muhuri. Akafikiri kidogo, akavuta fomu nyingine kutoka kwenye droo. "Hii ni fomu ya kumwomba hakimu afunge kumbukumbu ya kesi iliyofutwa, isionekane tena na kila mtu. Kuomba si lazima. Na hakimu ndiye anayeamua."

Jumanne asubuhi walikuwa ofisini kwa Bi Pruitt kabla mlango haujafunguliwa. Bi Pruitt alisoma karatasi, kisha akapitisha kidole juu ya muhuri.

"Wengi wananiletea maelezo," alisema. "Nyinyi mmeniletea jibu."

Jioni ile Bi Opal alitaka kusimuliwa yote tangu mwanzo. Walipofika kwenye benchi na mikate, alipiga meza. "Namjua karani wa aina hiyo! Nilikuwa mimi!" Kisha akawapa kazi nyingine. Aliwataka wauandikie ule mtandao wa kulipia, waeleze kwamba umemchanganya Delbert na watu wengine, na waambatanishe nakala. "Wakisharekebisha, hifadhini majibu yao. Na siku moja mwajiri akikunyima kazi kwa ajili ya ripoti ya kampuni kama hiyo, Delbert, una haki ya kuiona ripoti na kuipinga. Usiinamishe kichwa ukaondoka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bi Opal."

"Sema kwa sauti."

"Nimekuelewa!"

Tarehe 14, hakimu alisoma faili lao kwa dakika saba. Alimuuliza Delbert swali moja tu: je, alikuwa tayari kwa kelele? Delbert alisema yuko tayari. Hakimu akatia sahihi.

Watoto waliletwa Jumatano, kwa magari mawili. Brynn aliteremka kwanza. Alipomwona dada yake akitoka kwenye gari la pili, alikimbia bila viatu juu ya changarawe, na hakuna aliyeweza kumwita arudi.

Delbert alijaza ile fomu ya karani, na mwezi wa pili hakimu wa Morland alikubali ombi lake, akaifunga kumbukumbu. Mwezi wa nne Delbert alijaza fomu ya kazi katika karakana ya barabara za kaunti. Alilifikia swali la kutiwa hatiani. Aliandika "Hapana", akaendelea na swali linalofuata. Walimwita wiki mbili baadaye. Sasa anaendesha greda.

Jioni moja ya mwezi wa tano walikuwa mezani wakila kuku wa mchuzi. Kaylee alikuwa akisukuma chakula huku na huku.

"Baba Mkubwa," alisema. "Kuna msichana shuleni anasema wewe ulikuwa jela. Mama yake amemwambia."

Rhonda aliweka upawa chini. Brynn aliendelea kula.

Rhonda alimtazama mumewe. Zamani angesukuma kiti na kwenda nje kuangalia pikapu. Delbert alijifuta mdomo.

"Ni kweli," alisema. "Usiku mmoja. Kabla hujazaliwa."

"Ulifanya nini?"

"Kaka yangu alikuwa anampiga mtu. Mimi nikawa namvuta aache. Polisi walipofika hawakujua nani ni nani, wakatubeba sote. Baadaye mahakama iliuliza, ikagundua sikufanya kosa, ikanifutia shtaka."

"Kwa hiyo huyo msichana ni mwongo?"

"Si mwongo. Anajua nusu. Anajua nilikamatwa. Hajui kilichofuata. Hata mimi nilikuwa sijui, miaka kumi na tisa."

Kaylee alikunja uso. "Kwa nini hukuuliza?"

"Niliona aibu."

"Mimi ningeuliza."

"Najua," Delbert alisema. "Na kesho akikwambia tena, mwambie aje hapa aniulize mwenyewe. Na mama yake pia. Nitawaeleza wote, kisha wale kuku."

Kaylee alisogeza sahani yake mbele.

"Niongezee mchuzi," alisema.